Ng'ombe Wanaharibu Sauti

Siku Ndaki alipopewa kibali cha kuingia katika ngitili yake mwenyewe, alikipokea kwa mikono miwili. Ndivyo alivyolelewa. Aliyempa alikuwa bwana mmoja mdogo kuliko mzaliwa wake wa mwisho, mwenye joho la kijani na buti za mgodini, aliyeketi nyuma ya meza ya plastiki iliyowekwa katikati ya njia. Juu ya meza palikuwa na daftari, muhuri, na bendera ndogo ya Taifa iliyochomekwa kwenye chupa ya soda.

Nyamizi, mkewe, alikisoma kibali hicho nyumbani, amesimama mlangoni na ungo mkononi. Kiliandikwa kwa kalamu ya bluu: Jina, Ndaki. Aina ya mgeni, jirani. Muda, saa mbili. Bila mifugo.

"Bila mifugo," alisema. "Baba Loveness, sasa unaingia ngitili bila mifugo ukafanye nini? Ukale nyasi wewe?"

"Wamesema nikaangalie tu."

"Ukaangalie mali yako. Kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa."

Ndaki alivua kofia akaipiga pajani kutoa vumbi. "Na wameimba tena," alisema.

Hilo la kuimba ndilo lililokuwa la kihuni kuliko yote. Kila Ndaki alipoikaribia meza ile na ng'ombe wake, kengele iligongwa, watu wakatoka mahemani, wakaanza wimbo wa Taifa. Ndaki alisoma mpaka darasa la saba na alisimama mstarini kila asubuhi kwa miaka yote hiyo. Akiusikia wimbo ule anavua kofia na kusimama wima, hawezi kufanya vingine. Wakimaliza, wanaurudia. Fimbo yake imelala chini, mikono iko ubavuni, na huku watu wenye marungu wanawageuza ng'ombe wake na kuwarudisha walikotoka. Kumpora mtu wakati amesimama kwa heshima ni ujambazi unaohitaji akili, na waliokuwa pale walikuwa na akili nyingi.

Ngitili haihitaji maelezo kwa Msukuma, lakini wale wa mahemani walitoka kwingine, na ubaya ulianzia hapo. Mvua za kwanza zikinyesha, mwenye ng'ombe anafunga sehemu ya malisho yake kwa matawi ya miiba. Haingii ng'ombe, haingii mbuzi, na mwenyewe akipita anapita kando. Kwingine kote mifugo inakula mpaka ardhi inabaki sakafu. Halafu mwezi wa nane, mbavu zinapoanza kuonekana, miiba inaondolewa, na nyasi zilizosimama tangu masika zinawavusha ng'ombe mpaka mvua zirudi. Ngitili ya Ndaki ilikuwa ekari kumi na nane chini ya Kilima cha Fisi. Ng'ombe wake walikuwa kumi na mmoja. Bila nyasi zile wasingeuona mwezi wa kumi na moja, na hilo kila mtu pale Mwanhembo alilijua, kuanzia mwenyekiti wa kijiji.

Kanisa la Taifa la Agano lilikuja mwezi wa sita kwa malori matatu kutoka upande wa Geita. Wengi wao walikuwa wachimbaji wa Rwamgasa na wachuuzi wa Chato, watu waliochoka, walioambiwa wakaamini kwamba Mungu ameichagua Tanzania kuwa taifa la agano la mwisho, na kwamba madhabahu ya taifa hilo ni kilima fulani ambacho Mtume wao alikiota. Mtume huyo aliitwa Sostenes. Alinunua na kuuza dhahabu kwa miaka kumi na miwili kabla hajaanza kuota. Walipofika chini ya kilima wakakuta nyasi zinafika kiunoni na hakuna kiumbe ndani, walipiga magoti wakalia, wakasema Bwana amewatunzia. Siku ya tatu walikuwa na mahema arobaini, choo, na lango. Kilima cha Fisi kikawa Mlima Urithi.

Aliyewapinga aliambiwa mambo mawili kwa mkupuo: kwamba anashindana na Mungu, na kwamba si mzalendo. Mwenyekiti wa kijiji aliambiwa hivyo mara moja tu, akaenda kunyamaza nyumbani kwake.

*

Loveness, binti yao, alikuwa na kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu kule Kolandoto, jirani na hospitali. Jumapili alikuja nyumbani hata hakukaa kitako.

"Baba," alisema, "uko kwenye filamu. Inazunguka kwenye makundi yote."

Ilikuwa filamu ya makala, nusu saa, imeandikwa *Nchi Iliyotunzwa*. Walijibana watatu kwenye mkeka wakaitazama simuni. Kulikuwa na Sostenes akibatiza watu kwenye bwawa. Kulikuwa na akina mama wa kanisa wakipika ugali kwenye sufuria kubwa na kusema jinsi walivyokuwa hawana kwao na sasa wanako. Kulikuwa na watoto wanapunga bendera. Kisha nyasi zikajaa kioo kizima, zinayumba kwa upepo, nzuri, na kando yake anatembea Ndaki, peke yake, amevaa koti lake la harusi za watu.

"Hapa hapajakanyagwa," alisema Ndaki wa kwenye simu.

Picha ikahama. Sauti nzito ikasema kwamba wazee wa eneo hilo wenyewe wanakiri kuwa nchi ile ilikuwa tupu, ikiwasubiri wana wa agano.

"Sikuishia hapo," alisema Ndaki. "Nilisema hapajakanyagwa na ng'ombe tangu mvua za kwanza, kwa sababu nimefunga. Nikamwonyesha na miiba. Nyamizi, si ulikuwepo?"

Nyamizi alikuwepo. Mwezi wa tano alikuja mpiga picha wa Mwanza, jina lake Donatus, mpole, shikamoo zake safi, akasema anatengeneza makala ya mazingira, anataka nchi nzima ione Wasukuma wanavyotunza malisho. Walifurahi. Nani asingefurahi? Alikunywa maziwa mgando vikombe viwili. Alimfanya Ndaki atembee mara nne kando ya nyasi, mara jua limeingia wingu, mara mkono umekaa vibaya. Na ng'ombe walipokuwa wakipita nje ya ua wa miiba, kengele zao zinalia, akaomba waondolewe. "Samahani, mama. Ng'ombe wanaharibu sauti." Nyamizi mwenyewe ndiye aliyewaswaga mpaka ng'ambo ya korongo, juani, akasimama nao huko saa nzima ili picha itoke vizuri.

"Mimi ndiye niliyewatoa," alisema sasa. "Kwa mkono wangu."

Loveness aliizima simu. Hakuna aliyemwambia aizime.

Jioni ile Amosi, jirani yao, alipita na baiskeli akaegemea mti wa mnyaa. "Kumbe umekuwa msanii, Ndaki," alisema. "Walikupa ngapi?"

"Hawakunipa kitu."

"Haya. Kuna watu wanatoa ushahidi bure." Akacheka, akapanda baiskeli yake. Ndaki alibaki amesimama pale pale, na chakula alichopelekewa kilirudi jikoni kama kilivyokwenda.

*

Baraza la kata lilikaa Alhamisi, saa nne asubuhi, kusikiliza shauri la ngitili. Watu wa kanisa walikuja na runinga yao, jenereta lao, na viti vyao vya plastiki. Walipomaliza kukaa, Ndaki na Nyamizi walioneshwa benchi la mlangoni, lile wanalokalia wanaosubiri mihuri. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Bartholomeo, mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya watu waliokuwamo mle.

Donatus alikuwa ameinama kwenye nyaya.

"Mwangaluka, Donatus," alisema Nyamizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maziwa yalikukaa vizuri?"

Donatus alichomoa waya akauchomeka tena palepale. "Mama, mimi napiga picha tu," alisema chini chini. "Maneno walitunga wao. Picha walizinunua."

"Na wewe ukaziuza."

Sostenes alisimama, suti ya kijivu, kibendera cha Taifa kifuani. Alikuwa na sauti nzuri, hilo lazima lisemwe.

"Mheshimiwa mwenyekiti, sisi hatuna maneno mengi. Tuna picha, na picha haina upendeleo. Mzee Ndaki tunampenda. Ni jirani yetu. Tumempa hata kibali. Lakini nchi ni ya Mungu na Taifa, na tuliikuta tupu."

Filamu ikawashwa. Ndaki alipoonekana na koti lake, watu wa nyuma waliguna, na Ndaki wa kwenye benchi akatazama viatu vyake. Baada ya hapo ikaja picha ambayo hawakuifikia siku ile Loveness alipoizima simu. Ilipigwa mwezi wa saba kwa kile kidege cha kamera. Kidege kilipaa, kijiji kikawa kidogo, kilima kikawa kidogo, na katikati ya nchi ya kahawia likaonekana pande moja la njano, na mahema mengi madogo ukingoni. "Tazama," ilisema sauti nzito, "Bwana alivyoifunika nchi ya watu wake."

Nyamizi alinyoosha mkono.

"Mama, zamu ya upande wa pili itafika," alisema Bartholomeo.

"Naomba picha hiyo isimame, mwalimu. Ikipita sitaipata tena."

Pengine ni kwa sababu alimwita mwalimu. Mzee alimpa Donatus ishara ya kichwa, na picha ikasimama. Nyamizi alipita katikati ya viti vya plastiki, watu wakimkunjia miguu, akafika mbele akaweka kidole kwenye runinga.

"Hii ya kahawia ni ya nani?"

"Nani ajibu?" aliuliza Sostenes. "Hili si darasa."

"Ya kwangu," alisema Amosi kutoka nyuma.

"Na hii?"

"Ya akina Luka. Ile ya shule."

"Mbona hazina nyasi?"

Mtu akacheka, na mwingine. "Zimeliwa," alisema Amosi.

"Mwalimu, wewe una ng'ombe wangapi?"

"Saba."

"Mwezi wa saba, jua hili, uone nyasi za kiunoni ambazo hazina mwenyewe. Ungezipita?"

Bartholomeo alivua miwani. "Nisingezipita."

"Nani hapa angezipita?" Aliwageukia. "Kama pangekuwa patupu, pangekuwa pa kahawia. Mngeshaingiza wenu wote, mngekuwa wajinga kuacha. Hamkuingiza kwa sababu mnajua pamefungwa, na mnajua aliyefunga. Wenzetu wana picha. Sisi hati yetu ndiyo hii nyasi, na wameileta wenyewe, na umeme wa kuiwashia wameleta wenyewe."

Kicheko safari hii kilikuwa kikubwa. Sostenes alisubiri kiishe.

"Aliyezuia mifugo ni Bwana," alisema.

"Alizuia kwa miiba ya nani?" Nyamizi alipandisha mikono ya gauni. Mikono yake, kuanzia kiwiko mpaka kwenye vidole, ilikuwa imechorwa makovu meupe ya miaka mingi. "Mimi ndiye ninayeikata. Nakuombea uikate msimu mmoja tu."

Wajumbe walitoka nje kushauriana. Walikaa huko muda mrefu, na mara mbili simu ya Bartholomeo ilisikika ikiita. Aliporudi hakumtazama mtu.

"Baraza limeelewa," alisema. "Limeelewa vizuri. Lakini baraza hili linasuluhisha, haliamui. Na jambo lenyewe lina imani ndani yake, lina Taifa ndani yake. Tunajipa siku thelathini, kisha tutakaa tena. Kwa muda huo hali ibaki kama ilivyo. Walio kwenye mahema wabaki, kuna watoto, ubinadamu ni muhimu. Mifugo isiingizwe, kuepusha uvunjifu wa amani."

"Mwalimu," alisema Nyamizi, "ng'ombe hawana siku thelathini."

"Najua, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Unajua."

"Najua."

Huo ndio uliokuwa ubaya wa siku ile. Angekuwa mjinga wangemsamehe. Alijua, wajumbe wenzake walijua, wote walikuwa wafugaji na wote walikuwa na ngitili. Walioneshwa haki mchana, wakaitambua, wakaipangia tarehe.

*

Kesho yake ng'ombe jike mwekundu, mwenye pembe moja, alishindwa kusimama. Walimwinua wanne, Ndaki na Loveness mbele, Nyamizi na Amosi nyuma, kamba imepitishwa tumboni. Alisimama akitetemeka. Amosi alikuwa amekuja bila kuitwa, na alishika mkia bila kusema chochote kuhusu usanii.

"Nawapeleka mnadani," alisema Ndaki. "Wangali na ngozi."

"Nimemsikia mnunuzi mmoja," alisema Loveness. "Aliuliza kama ni ng'ombe wa nyama au wa supu."

Nyamizi alikuwa akiisugua miguu ya jike yule kwa majani makavu. "Kesho nafungua," alisema.

"Unafungua nini? Tukipeleka kumi na mmoja watawageuza. Wataimba, nami nitasimama."

"Nani amesema kumi na mmoja?"

Ndaki alimtazama. Mwenye ngitili akifungua, akaita majirani, majirani huingiza wao. Hufanyika mwaka wa njaa, au mtu akiwa na furaha kubwa. Asiye mwenyewe hawezi kuita, na anayeitwa na asiye mwenyewe haendi. Wote wanne pale waliyajua hayo.

"Kijiji kizima kikiingia, nyasi zitaisha kwa wiki moja," alisema Ndaki. "Zile zilikuwa za miezi mitatu."

"Zitaisha."

"Halafu tubaki na nini? Umewaambia wenyewe kuwa nyasi ndiyo hati."

"Hati iko chini ya mahema ya watu, Baba Loveness. Nyasi zikibaki kwao, tumekosa. Zikiliwa na kijiji kwa kuitwa na wewe, kila aliyekula ni shahidi. Siku ya thelathini hawawezi kusema hawamjui mwenyewe. Watakuwa wameshiba kwake."

Ndaki alikaa chini kwenye gogo. Miezi minane alikuwa amezuia hata mbuzi mmoja asipenye mle, na sasa alitakiwa kuita midomo mia tatu. Alivua kofia, akaivaa, akavua tena.

"Amosi," alisema hatimaye. "Kesho asubuhi lete ng'ombe wako. Nakuita mimi, Ndaki."

Amosi aliachia mkia. "Nakuja," alisema. "Nitawapitia na wengine. Na lile neno la juzi, nisamehe."

*

Walikuja kwa njia zote. Kufikia saa mbili asubuhi vumbi lilikuwa limefunika njia ya kijiji, na kengele za ng'ombe hazikuacha nafasi ya mtu kusema. Nyamizi alitangulia. Alipita pembeni ya meza ya plastiki bila kuigeukia, akaenda moja kwa moja kwenye upande wa ua ambao tangu zamani ndio mlango, akashika tawi la kwanza la miiba.

Kengele ya kanisa iligongwa. Walitoka mahemani, wanaume na marungu, akina mama na watoto migongoni, Sostenes katikati yao. Wakaanza wimbo wa Taifa.

Na watu wa Mwanhembo wakasimama. Ndaki alivua kofia. Amosi aliegesha baiskeli. Fimbo zilishushwa, akina mama walinyoosha migongo, na Mzee Bartholomeo, ambaye alikuwa amekuja na saba wake na kukaa nyuma kabisa ili asionekane, alisimama wima kuliko wote. Hakuna aliyethubutu kusogea. Wimbo ni wao pia. Hata Nyamizi alisimama, tawi la miiba mkononi, damu inamchuruzika kwenye kidole.

Ng'ombe hawakusimama. Walikuwa wameisikia harufu. Jike mwekundu mwenye pembe moja alipita chini ya mkono wa Nyamizi, akafuata mwingine, kisha wote, wakisukumana, wakaangusha ua uliobaki. Wenye marungu walikuwa kwenye mstari wakiimba, na hawakujua kama wavunje mstari au wamalize ubeti. Walimaliza ubeti. Wakaanza tena, kama walivyozoea, na ng'ombe wakazidi kuingia. Kufikia mwisho wa mara ya tatu wanyama walikuwa katikati ya mahema wanakula, na mama mmoja wa kanisa, aliyewahi kufuga kwao zamani, aliacha kuimba akaanza kucheka peke yake mpaka mwenzake alipomfinya.

Sostenes alipiga simu, kisha akapiga nyingine. Kisha akamwita Donatus.

Donatus alikuja na kamera begani na vile visikilizio vikubwa shingoni, akikwepa pembe. Alimkuta Nyamizi ameinama karibu na jike mwekundu, anaondoa mwiba kidoleni kwa meno.

"Mama, shikamoo. Wameniambia nichukue picha za uvamizi."

"Marahaba. Chukua."

"Nataka na wewe useme. Useme yote, mpaka mwisho. Safari hii sitakata, naapa, na siuzi kwa mtu." Alitazama huku na huku. Kengele, kwato, midomo mia tatu ikikata nyasi kavu. "Ila tusogee pale juu kidogo. Au uwatoe hawa wa karibu, dakika moja tu. Ng'ombe wanaharibu..."

Alinyamaza mwenyewe.

Nyamizi alimwangalia, akaangalia nyasi. Upande wa korongo zilikuwa zimeshafika kwenye goti. Wiki moja, Ndaki alisema. Huenda zisifike. Alivichukua vile visikilizio shingoni mwa Donatus, akamvisha masikioni, akaigeuza kamera yake kwa mkono wenye damu mpaka ikamwelekea jike mwekundu.

"Hawatoki," alisema. "Washa."

Donatus akawasha.